Chumba Kisicho na Kazi

Mtu mmoja alikuwa na meno mawili ya bandia, na mtu huyo ni mimi. Yale halisi niliyaacha kwenye usukani wa lori, ndani ya shimo moja la barabara ya Lubumbashi, na haya ya kununua hayajawahi kunizoea. Nikicheka sana yanatoka. Kwa kuwa huwa nacheka zaidi mizaha yangu mwenyewe, siwezi kumlaumu mtu mwingine.

Siku ninayotaka kuwaeleza yalinitoka mezani kwa watu, nyumbani kwa rafiki yangu Yefeti, fundi bati wa Arusha. Yefeti ni Myahudi. Babu yake alikuja kutoka Yemeni na nyundo moja na koleo moja, na tangu wakati huo ukoo wake umekuwa ukitengeneza ndoo, makarai, mifereji na vibatari vya nusu ya mji. Nilipita kwake jioni moja ya Desemba kuchukua makarai mawili, nikakuta nyumba iko kwenye sikukuu. Wanaiita Hanuka, yaani kutabaruku, kuiweka wakfu nyumba ya ibada. Kwa asili ni sikukuu ya majira ya baridi, ingawa mimi nilikuwa natokwa jasho hadi kwenye nyusi. Zamani sana watawala wa kigeni waliinajisi nyumba yao ya ibada. Wao wakaikomboa, wakaisafisha, wakakuta mafuta safi ya taa ya kutosha siku moja tu, nayo yakawaka siku nane. Hayo ndiyo niliyoyaelewa kati ya andazi la nne na la saba. Maana siku hizo wanakula vitu vya kukaanga, kwa ukumbusho wa yale mafuta, na Bi Mazali, mkewe Yefeti, alikuwa amekaanga maandazi ya kulisha kikosi cha jeshi. Nilimwambia kwamba dini ya namna hii ningeweza kuishika bila kusukumwa.

"Shemeji, wewe siku ya mfungo utatoroka," akanijibu.

Dirishani palikuwa na ubao, na juu ya ubao vibatari vinane ambavyo Yefeti mwenyewe alivitengeneza kwa makopo ya maziwa. Jioni ile ilikuwa ya tatu, kwa hiyo vitatu vilikuwa vinawaka na vitano vinangoja zamu yao. Kando, juu kidogo kuliko vingine, kulikuwa na kibatari cha tisa, nacho kinawaka. Nilidhani fundi amekosea hesabu, nikanyamaza kwa heshima.

Basi umeme ukakatika, kama kawaida yake. Nilikuwa katikati ya kisa cha afisa mmoja wa mpakani aliyetaka kupekua godoro langu. Nikafika penye kuchekesha, nikacheka peke yangu, na meno yakaruka. Niliyasikia yakigonga sakafu na kuteleza chini ya meza. Mtu aliyepotewa na meno hafikiri. Nikanyoosha mkono, nikachukua kibatari cha karibu, kile cha katikati katika vile vitatu, nikaingia nacho chini ya meza kwa magoti. Nikawa natambaa na kupapasa, makalio yameelekea wenyeji. Nikayaona karibu na kiatu cha Bi Mazali. Ndipo nilipogundua kwamba huko juu hakuna anayesema kitu.

"Shemeji," Bi Mazali akasema, taratibu sana, "rudisha taa."

"Nimeshayaona," nikasema, kwa ulimi wa mtu asiye na meno ya mbele. "Namalizia tu."

"Rudisha kwanza. Hayo meno hayana miguu, utayakuta."

Nikatoka kinyumenyume, nikagonga kichwa, nikarudisha kibatari mahali pake, na mafuta kidogo yakaimwagikia suruali yangu ya safari. Yefeti akanishikisha kile cha tisa. Hiki, akaniambia, ndicho cha kutafutia meno. Hiki ni mtumishi. Kimewekwa pale ili mwenye haja ya mwanga autumie wa hiki. Vile vingine havina kazi. Havisomewi barua, havishonewi nguo, havitafutiwi kitu kilichopotea. Hutazamwa tu mpaka viishe.

Nimetembea nchi nyingi, na karibu zote nimeaibika ndani yake, lakini mara nyingi ilikuwa kwa chakula au kwa wakwe. Kwa taa ilikuwa mara yangu ya kwanza. Na mimi nikiaibika huwa nabisha. Ndio ugonjwa wangu. Nikarudisha meno kinywani, nikakaa vizuri, nikasema:

"Sasa Yefeti, ndugu yangu, taa usiyoruhusiwa kuitumia ni taa ya nini? Wewe ni fundi. Utatengeneza ndoo ya kutazamwa?"

"Ndoo, hapana," akasema Yefeti.

"Basi?"

"Basi kula andazi, nikumbuke vizuri mfano mmoja."

Yefeti ni mtu ambaye mikono yake haijui kukaa. Ukiongea naye dukani anakujibu huku anakunja bati. Lakini taa zile zikiwaka hawagusi kazi, yeye na mkewe; hukaa. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya meza kama mikono ya mtu mwingine. Aliitazama kwa muda, kisha akaanza kusimulia, na muda wote aliposimulia macho yake yalikuwa dirishani. Mfano wenyewe nawapa kama alivyonipa. Chumvi niliyozoea kutia nimeiacha nje.

Mtu mmoja alikuwa na nyumba juu mlimani, katika nchi ya baridi. Aliirithi kwa baba yake. Ilikuwa na vyumba vinne vya kuishi, ukumbi, jiko, na chumba kimoja kisicho na kazi.

Chumba hicho baba yake alikijenga kabla ya vingine vyote. Ndani yake hakukuwa na kitanda, wala kiti, wala msumari ukutani. Kulikuwa na dirisha moja, na katika ukuta kishubaka cha kuwekea taa. Kila jioni walitia mafuta safi ya alizeti, yasiyopikiwa kitu, wakawasha, wakaketi sakafuni mpaka taa ikazimika. Kwa mwanga huo hakuna aliyechambua mboga wala kuziba tundu la nguo. Alipokuwa karibu kufa, baba aliwaambia watoto wake: humu ingieni mikono mitupu, na mtoke mikono mitupu. Hakuwapa sababu. Labda aliona kwamba sababu nayo ni mzigo wa kuingia nao.

Mtu huyo alikuwa na mama mzee. Miguu ya mama ilikuwa imekufa ganzi, na mikono yake ilikuwa inafuata. Kitanda chake kilikuwa ukumbini, mkabala na mlango wa chumba kile, na jioni mlango ulipofunguliwa aliweza kuiona taa akiwa amelala. Alikuwa na dada pia, aliyeolewa ng'ambo ya mto.

Mwaka mmoja, wakati wa mvua, akaja mgeni kuomba hifadhi. Mvua haikukatika, mgeni hakuondoka, akawa mpangaji. Alikuwa mtu mwema. Hili lazima lisemwe, maana wengi wanaosimulia mfano huu hupenda kumpa pembe za shetani. Alikuwa na adabu, alikuwa na maarifa, na kiunoni alikuwa na futi ya chuma ya kupimia, ile inayojikunja ndani ya kikopo. Alipima paa, akaonyesha mahali mfereji unapotakiwa kupita, na tangu hapo hakuna mtu wa nyumba ile aliyeteremka mtoni na ndoo. Alipima jiko, akajenga bomba la moshi, na macho yao yakaacha kuwasha. Majirani walikuja kulitazama bomba hilo, na mwenye nyumba akasimama kando yake kama bwana harusi. Kila alichokipima mpangaji kilikuwa bora kuliko kilivyokuwa jana. Na kabla ya kupima aliuliza swali moja, siku zote lile lile: "Hiki kinafanya kazi gani?"

Alipofika kwenye chumba kile aliuliza vilevile. Mwenye nyumba akatazama sakafu. Aliona haya, kwa sababu alikuwa amezoea kumjibu vizuri. Akasema kwamba hicho hakina kazi, na alisema kama mtu anayeungama.

Mpangaji hakucheka. Wala hakushauri chumba kibomolewe. Aliomba tu kuweka jembe lake nyuma ya mlango, lisiloe. Jembe nyuma ya mlango halimzuii mtu kuketi. Mwezi uliofuata yakaingia magunia mawili ya mahindi, yakaegemezwa kwenye ukuta usio na dirisha. Kisha kuku aliyekuwa anaatamia, kwa kuwa mle ndani kulikuwa na utulivu. Kisha baridi ilipokaza akaingia nguruwe jike na watoto wake tisa, ambao nje wangekufa. Kila kimoja kiliingia kwa sababu nzuri. Hakuna siku ambayo mtu angeweza kusema, leo ndipo tulipoharibu.

Taa iliendelea kuwashwa kwa muda, lakini sasa walimulikia nguruwe. Baadaye wakaona kazi hiyo haihitaji mafuta safi, wakatia mabaki ya kikaango. Baadaye wakaona nguruwe hahitaji taa. Mlango ukafungwa kwa sababu ya harufu, na mama akabaki anatazama mbao.

Swali la mpangaji likatoka chumbani likaenea nyumbani. Mwenye nyumba akaanza kuliuliza mwenyewe, na akaona raha ya kuliuliza. Maua ya mlangoni yaling'olewa vikapandwa vitunguu. Mbwa mzee akapelekwa msituni. Watu wa mlimani kule walikuwa na salamu ndefu, za nyumba, za watoto, za ng'ombe, za waliolala na walioamka. Mwenye nyumba alizifupisha zikawa neno moja, nalo alilisema akitembea.

Ilipofika siku ambayo hakukuwa na pembe isiyopimwa, futi ikafika ukumbini. Mpangaji alisimama mbele ya kitanda cha mama, akapima urefu wake na upana wake kwa heshima, bila kumgusa. Futi sita kwa tatu, mahali pakavu, karibu na mlango: hapo lingekaa pipa la nafaka. Akamvuta mwenye nyumba kando, na kwa sauti ya chini, kama anavyouliza mtu mwenye utu, akamwuliza mama anafanya kazi gani.

Mwenye nyumba angeweza kukasirika. Angeweza kumshika mtu yule ukosi na kumtoa nje kwenye mvua aliyotoka. Badala yake akatafuta jibu, na hapo ndipo alipopotea. Akasema mama anachambua maharage.

Basi maharage yakaletwa. Yakatiwa kwenye ungo, ungo ukawekwa mapajani mwa mama, na kila asubuhi akachambua. Wiki ya kwanza alimaliza nusu ya ungo. Wiki ya pili robo. Vidole vilikuwa vinakataa, maharage yakawa yanaviringika chini ya kitanda, na mtu wa kuyaokota ilibidi aache shughuli zake. Mpangaji hakusema neno. Hakuwa na haja ya kusema. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kujifunza kupima kwa macho.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda, lile alilokuwa akilala nguruwe zamani. Lilivuja upande mmoja tu. Wakakubaliana kwamba mama ahamishiwe huko siku ya tatu, mchana, jua likiwepo. Yalikuwa majira ya baridi. Alfajiri umande uliganda juu ya majani ukawa mweupe, na kila mtu katika nyumba ile alijua banda hilo litamfanya nini mwanamke wa miaka themanini. Hawakulisema. Walisema atapata hewa.

Habari zikavuka mto. Siku ya pili dada akaja.

Alimkuta mama na ungo mapajani. Akauondoa, akauweka chini. Akafungua mlango wa chumba kile, akasimama kidogo kwa sababu ya harufu. Hakumlaumu kaka yake. Alijifunga kitenge kiunoni, akaanza kutoa. Nguruwe alimtoa kwa fimbo na watoto wake kwa kapu. Alimtoa kuku na mayai yake. Magunia, ambayo sasa yalikuwa kumi na moja, aliyaburuta moja moja mpaka uani, na kwa kuwa hakuna aliyemsaidia, jua lilimpita kichwani bado anaburuta. Jembe alilitoa la mwisho. Kisha akachota maji ya mfereji wa mpangaji, kwa kuwa yalikuwa maji mazuri, akaosha sakafu mara tatu.

Ndani ya kishubaka, nyuma ya utando wa buibui, akakuta chupa ndogo. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa nta, na juu ya nta kulikuwa na alama ya dole gumba la baba yao. Mafuta mengine yote ya nyumba yalikuwa yamekwisha kukaangiwa, au kupakwa bawaba na magurudumu. Haya hakuna aliyewahi kuyatumia kwa lolote. Yalitosha jioni moja.

Kaka yake akaja akasimama mlangoni. Naye hakuwa mtu mbaya. Akamweleza kwamba alizeti imeanikwa, bado ina unyevu. Baada ya siku nane itakuwa kavu, itakamuliwa, na mafuta mapya yatakuwa tele. Basi angoje, jambo lifanywe kwa utaratibu. Taa ya jioni moja ikizimika kesho itawaumiza kuliko giza walilokwisha kulizoea. Na kama hawezi kungoja, mafuta mazuri kama hayo heri ampake mama viungo, angalau yafanye kazi fulani.

Maneno yake yote yalikuwa ya kweli. Lakini mama alikuwa wa kuhamishwa kesho. Dada akavunja nta, akamimina, akawasha. Akausukuma mlango mpaka ukagusa ukuta. Kisha akaketi sakafuni, kwa sababu alikuwa amechoka na kwa sababu ndivyo ilivyokuwa desturi.

Kitandani kwake mama akageuza uso. Hakulia wala hakutabasamu. Alitazama. Mwanawe alikuwa amesimama katikati, akaona kwamba kivuli chake kimemfunika mama usoni. Akataka kusogea, na mahali pa karibu pa kusogea palikuwa ndani. Akaingia. Mikono yake ilikuwa mitupu na hakujua aiweke wapi, akaketi.

Mwanzoni aliona mambo ya kufanya. Aliona ufa wa kuzibwa ukutani. Aliona utambi ni mrefu mno, unakula mafuta bure, akanyoosha kidole aurekebishe, akakirudisha. Alikuwa anapima. Polepole akachoka kupima, kama mtu anavyochoka kusimama. Akaona moto tu. Na kupitia mlangoni akamwona mama yake, ambaye hakumwona tangu mvua zile, ingawa alimpita kila siku mara ishirini. Akamwona jinsi alivyo, mwanamke mzee anayetazama taa.

Mpangaji akarudi kutoka shambani, akayakuta magunia uani. Hakupaza sauti. Akaja mpaka chumbani na viatu vyake vikaishia kwenye kizingiti. Akatazama kuta tupu, na taa, na watu wazima wawili walioketi sakafuni wakati kuna kazi. Mkono wake ukaenda kiunoni.

"Mnafanya nini humu?" akauliza.

"Hatufanyi kitu," akasema mwenye nyumba.

"Na mama? Kesho ndiyo siku."

"Mama naye hafanyi kitu," akasema mwenye nyumba, "na hatoki."

Mpangaji akavuta futi, ikatoka kidogo, akatafuta mahali pa kuishikiza ncha. Ukuta alikwisha kuupima. Sakafu alikwisha kuipima. Kilichobaki kilikuwa moto. Akaiachia futi, ikajirudisha yenyewe ndani ya kikopo chake. Asubuhi alifunga mizigo, akaaga vizuri, akaenda kutafuta nyumba nyingine, nazo zipo nyingi. Bomba la moshi waliliacha. Mfereji waliuacha. Vilikuwa vitu vizuri, na hakuna aliyevichukia.

Na taa ile haikuzimika jioni ile. Iliwaka ya pili, ikawaka ya tatu, ikaendelea hivyo mpaka jioni ya nane, alizeti ikakauka, mafuta mapya yakakamuliwa.

Yefeti akaishia hapo. Bi Mazali alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, na nje nilisikia jirani akilaani shirika la umeme kwa majina yote anayoyajua.

Mtu mwenye akili angekaa hivyo hivyo. Lakini mimi nilikuwa dereva miaka ishirini na sita, na kama kuna jambo moja ninalolijua duniani ni mafuta. Najua lori linakunywa kiasi gani mlimani na kiasi gani kwenye tambarare. Najua dereva anayeapa kwamba amefika Lusaka kwa tangi moja ni mwongo, kwa sababu nimewahi kuapa hivyo. Na zaidi ya hayo, mfano ule ulikuwa umenigusa, na mimi kikinigusa kitu cha namna hiyo huwa natafuta haraka pa kukiweka. Nikainua kidole.

"Swali dogo, fundi."

"Haya."

"Mafuta ya jioni moja. Jioni nane. Hapo mimi sipiti."

"Wengi hawapiti," akasema Yefeti.

"Ama utambi ulikuwa mwembamba, ama yule dada alikuwa anaongezea kidogo kidogo watu wakitazama pembeni. Mimi simlaumu, hata mimi ningeongezea. Ila uniambie kweli, kama mtu na ndugu yake. Yale mafuta mengine yalitoka wapi?"

Yefeti akafungua kinywa. Nadhani alikuwa na jibu, tena la kitaalamu, maana alikwisha kukunja kidole cha kwanza. Lakini mkewe akawahi. Aliinua kichwa, akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyefika msibani akaulizia wali.

"Shemeji," akasema Bi Mazali, "mama wa watu hakupelekwa bandani, na wewe bado unauliza mafuta?"